Taa Niliyomtegea Mama

Nilianza kumshuku mama yangu asubuhi moja ya Ijumaa. Mimi nilikuwa jikoni nakoroga uji, na yeye ameketi sebuleni, hatua sita hivi kutoka kwangu, anachagua mchele kwenye ungo. Nilimwita nikimuuliza kama atakunywa uji sasa au ausubiri upoe. Kimya. Nikamwita tena. Mara ya tatu nilipaza sauti hadi jirani wa upande wa pili wa ukuta akaniitikia, "Abee!" akidhani anaitwa yeye. Mama hakuinua hata kichwa.

Punde akafika mdogo wangu wa kiume. Anafanya kazi kwenye hoteli moja huko Bofa, Kilifi, na siku zake za mapumziko hupanda gari akaja kutuona Muyeye, hapa Malindi. Alisimama mlangoni akavua viatu, akasema kwa sauti yake ile nzito, ya chini, kama mtu anayezungumza na kifua chake mwenyewe:

"Mama, shikamoo."

Mama akauweka ungo kando. "Marahaba, mwanangu. Mbona leo umechelewa?"

Nilibaki nimeshika mwiko, uji unaungulia.

Nieleze kidogo tulivyoishi. Nilirudi nyumbani kwa mama ndoa yangu ilipovunjika, na sikuondoka tena. Mimi ni mwalimu. Kabla ya kwenda shule humpikia, humpa dawa zake za presha, humfulia, na siku ya kliniki humshika mkono nikampeleka. Mdogo wangu huja mara moja kila wiki mbili na mfuko wa machungwa. Sisemi hivi kwa kumlaumu. Kazi yake ndivyo ilivyo. Lakini mtu anayekaa na mzazi kila siku huwa na hesabu zake moyoni, na hesabu zangu siku ile ziliniambia kwamba mama anasikia anapotaka, kwa anayemtaka.

Kuanzia hapo nikawa na masikio ya askari. Mama aliisikia adhana bila shida. Alimsikia muuza maji akija na mkokoteni wake, kabla hata mimi sijamsikia. Msomaji wa taarifa ya habari kwenye redio alimsikia vizuri, akabishana naye pia. Lakini mimi nikisema jambo huku nimempa mgongo, hakuna jibu. Nikimpigia simu kutoka shuleni, simu italia hadi ikatike, na nikirudi atasema, "Haikulia." Nilikuwa nikiiweka ile simu mbele yake, nikaipigia kwa yangu, ikalia kwa ule mlio wake mwembamba, naye akanitazama tu. Nikajisemea, huyu mama ana ujasiri.

Kilichonichoma zaidi ni mazungumzo yake na mdogo wangu. Siku hizo walikuwa wakikaa chumbani kwa mama, mlango wameurudisha nusu, wakizungumza kwa sauti ya chini. Kwa sauti ya chini! Na mama anajibu neno kwa neno. Nikiingia, wananyamaza, au mdogo wangu anauliza habari za shule. Siku moja nilipita na ndoo ya kupigia deki nikasikia neno "Kilifi", na baada yake neno "chumba". Nilipiga deki ukumbi ule mara mbili siku hiyo, lakini sikusikia lingine.

Mambo yakiwa hivyo, mwalimu mkuu akaniita ofisini. Shule yetu ilikuwa imeletewa sanduku la vifaa vya umeme vya kufundishia watoto, na mtaala ulitaka watoto watengeneze vitu kwa mikono yao. Mwalimu aliyejua vitu hivyo alikuwa amehamishwa. Mwalimu mkuu akasema nimechaguliwa mimi. Nikamwambia mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na kitu cha mwisho cha umeme nilichojaribu kutengeneza kilikuwa pasi, na ilinishinda. Akasema kuna mafunzo Kilifi, Jumamosi tatu, ya watu wasiojua kitu. "Ndipo mahali pako," akasema.

Mkufunzi alikuwa binti wa chuo kikuu, amevaa buibui na viatu vya mpira, anacheka kwa urahisi. Tulikuwa walimu kumi na kitu kwenye ukumbi mmoja, wote tukiziogopa nyaya. Jumamosi ya kwanza tuliwasha taa moja. Ya pili tuliizima na kuiwasha tena kwa kubonyeza kitufe. Jumamosi ya tatu akatuambia tutatengeneza taa inayofuata sauti: ukinong'ona, iwake kwa mbali; ukipaza sauti, ing'ae; ukinyamaza, izime.

Vifaa vilikuwa vichache. Maikrofoni ndogo kama punje ya mahindi. Kibao kidogo cha buluu chenye akili yake, kinachopokea maagizo kutoka kwa kompyuta. Kitaa cha LED, kimoja cheupe. Nyaya za rangi, na ubao wa plastiki wenye matundu ya kuchomekea nyaya hizo bila kuchomelea chochote. Nilifuata mchoro kama ninavyofuata mapishi, nikaunganisha, nikasema "Aaa." Kitaa kikawaka, kikazima, kikawaka, kikatetemeka kama mtu mwenye homa.

"Mwanangu, changu kinaumwa," nikamwambia mkufunzi.

Akaja akainama juu ya meza yangu. "Hakiumwi, mwalimu. Sauti inakwenda kwa mawimbi, juu na chini. Wewe umeipima mara moja tu, na pengine umeikuta bondeni. Ipime mara nyingi katika kitambo kidogo, halafu chukua tofauti ya ile ya juu kabisa na ya chini kabisa. Hapo ndipo utajua sauti ina nguvu kiasi gani."

Nikaandika hivyo kwenye programu, kwa kuongozwa naye neno kwa neno. Kitaa kikatulia. Bado kulikuwa na kazi ya kulinganisha. Namba zinazotoka kwenye maikrofoni zinaweza kupanda hadi elfu moja na ishirini na tatu, na taa haielewi namba inayopita mia mbili hamsini na tano. Lazima uzishushe zile namba kubwa ziingie kwenye hizi ndogo kwa uwiano, ndipo sauti na mwanga viende pamoja. Hapo nilielewa upesi kuliko wenzangu, kwa sababu ni kama kupunguza alama za mtihani kutoka mia hadi thelathini. Nilipoimaliza nikasoma mistari miwili ya shairi mbele ya ile maikrofoni, na mwanga ukapanda na kushuka na pumzi yangu. Sitaficha, nilifurahi kama mtoto.

Niliruhusiwa kubeba vifaa na kompyuta ya shule ili nifanye mazoezi nyumbani kabla ya muhula kuanza. Nikavipanga kwenye meza ya chakula. Mama akaja akasimama mbele yangu, mikono nyuma.

"Hiki nini?"

Tukiwa uso kwa uso mama alinijibu vizuri siku zote, na hilo nalo nilikuwa nimelitia kwenye hesabu zangu. "Kifaa cha shule, mama. Kinasikiliza sauti, kisha kinawasha taa."

"Kinasikiliza?"

"Ndiyo."

"Kinasikiliza kisha kinamwambia nani?"

"Hakimwambii mtu."

"Basi kinasikiliza cha nini?"

Mama alikitazama kile kitaa kikiwaka kwa maneno yake mwenyewe, akafunga mdomo. Kikazima. Akasema "Ah!" kikawaka. Akaondoka akijifunga kanga vizuri, kama mtu aliyekutwa hajajistiri.

Alasiri hiyo wakaja majirani wawili wanaosuka ukili wa mikeka pamoja naye. Kwa kawaida nyumba hujaa vicheko. Siku hiyo walikiona kitaa kikiwakawaka mezani, mama akawanong'oneza, nao wakasuka nusu saa nzima wakisema mambo ya mvua na bei ya nyanya. Walipokuwa wakivaa viatu mmoja akaniambia, "Mwalimu, simu tumezizoea kwamba zinatusikiliza. Sasa na meza pia?" Alicheka, lakini hakurudi kwa siku nne.

Kesho yake nilikuta kifaa kimefunikwa kawa, lile la kufunikia chakula. Nikalifunua. Nikakikuta kimefunikwa tena. Nikajiuliza, mtu asiye na la kuficha anafunika kitaa kwa nini? Hapo ndipo wazo lilipoingia, na liliingia likiwa limekamilika, jambo ambalo lingetosha kunitia wasiwasi.

Nilikihamisha kifaa kwenye kabati la vyombo, nyuma ya sahani kubwa za sikukuu, karibu kabisa na kiti cha mama, maikrofoni imeelekea kule anakoelekea yeye. Nikaongeza mistari kwenye programu ili kila sauti iandikwe namba yake kwenye kompyuta, ambayo niliiweka mezani kwangu kana kwamba nasahihisha madaftari. Chochote kilichofika sikioni mwa mama, kilifika pia kwenye kifaa. Nilichukua daftari jipya nikachora safu tatu: nani amesema, taa imewaka kiasi gani, mama amejibu au hakujibu.

Niliandika kwa wiki mbili. Nikimwita nimempa mgongo, taa mia na themanini, hakujibu. Muuza maji barabarani, taa sitini, akasema, "Huyo maji huyo." Mimi tena, kutoka jikoni, taa mia mbili na kumi, hakujibu. Simu, mia na hamsini, hakugeuka. Mdogo wangu alipokuja akakaa mbali na kiti cha mama, akauliza kwa sauti yake ya kivivu kama mama ameshakunywa dawa, taa haikuzidi tisini. Mama akamjibu kwa marefu na mapana, hadi rangi ya vidonge.

Kila nilipoandika "hakujibu" nilisikia raha fulani mbaya. Naikumbuka ile raha. Ni ya mtu anayetaka sana kuonewa, na sasa ana ushahidi wa maandishi.

Ijumaa hiyo aliyokuja mdogo wangu tulikula wali na samaki wa kupaka. Nilingoja mama amalize. Kisha nikasimama mbele yake, nikaweka daftari kwenye mkeka.

"Mama, wewe unasikia."

Akanitazama.

"Unamsikia huyu akinong'ona. Mimi nikipiga kelele nyumba nzima, hunisikii. Si maneno yangu. Nimepima." Nikaenda kabatini, nikaziondoa sahani moja moja, nikamwonyesha kitaa kikiwaka kwa sauti yangu, kinang'aa hasa, maana nilikuwa karibu kulia. "Wiki mbili nimepima. Kama nimekukosea, niambie. Lakini usinifanye mjinga ndani ya nyumba."

Mama hakukitazama kitaa. Alizitazama zile sahani nilizoziondoa, kisha mimi. "Kumbe kilikuwa hapa," akasema. "Umenitegea."

Akainuka, akanawa mikono taratibu, akaingia chumbani akafunga mlango. Safari hii mlango wote.

Mdogo wangu alilichukua daftari akalisoma ukurasa mzima. Ni mtu mpole, na nilitaka agombe ili nami nipate kugomba.

"Dada, hili umefanya wewe?"

"Na nyinyi mlikuwa mnafanya nini mle ndani? Mnapanga kumhamisha Kilifi, mnadhani sijui?"

Aliliweka daftari chini. "Nani amekwambia?"

Hakukataa, na hilo ndilo lililonimaliza. Alivaa viatu akaondoka kabla ya chai, na ile sebule ikawa yangu peke yangu pamoja na sahani zote za sikukuu sakafuni.

Siku mbili tuliishi kwa ishara. Mama alijipikia chai yake. Jumapili nilipotaka kukirudisha kifaa kwenye sanduku la shule nilikuta waya mwekundu umeng'olewa na maikrofoni imekatika mguu. Sikuuliza. Nilijua, naye alijua kwamba najua. Lakini muhula ulikuwa unaanza na kifaa kilikuwa mali ya shule, kwa hiyo Jumatatu nilikwenda mjini Malindi kutafuta maikrofoni nyingine.

Kuna duka la vifaa vya redio ambalo limekuwepo tangu mimi sijaolewa. Mwenye duka ni mzee wa Kihindi, baba yake na babu yake walizaliwa hapa hapa, na Kiswahili chake kinanishinda mimi ninayekifundisha. Nilimwamkia, nikamwonyesha maikrofoni iliyovunjika. Akachakura kwenye visanduku vyake, akaipata, akasema ataijaribu kwanza asije akaniuzia mbovu. Alikuwa na ubao wake wa majaribio kama wangu. Alichomeka maikrofoni, akachomeka kitaa, kisha akatoa king'ora kidogo cheusi kama kifungo cha koti na kukiunganisha na betri ili kitoe mlio.

Kikalia. Mlio mkali, mwembamba, unaochoma meno. Nikaziba masikio. Kitaa kikang'aa. Mzee alikuwa ameinama juu ya ubao, anakikazia macho kile kitaa, uso umetulia kabisa.

"Kinalia?" akaniuliza.

Nilidhani anatania. "Kinalia, mzee! Hukisikii?"

"Mimi? Miaka mingi siisikii milio hii." Akachomoa betri, nikapumua. "Ndiyo maana naweka taa. Taa inaniambia kinalia, basi najua ni kizima."

"Lakini mimi unanisikia."

"Wewe nakuona mdomo, mwalimu, na umesimama karibu. Ukigeukia barabara ukasema, nitapata nusu." Alisema bila kujihurumia, akiifunga maikrofoni kwenye karatasi. "Sauti nzito nazisikia zote. Lori, mbwa, mwanangu mkubwa. Sauti nyembamba zimekwenda. Wajukuu wangu wa kike wakizungumza nasikia kama maji ya mfereji. Mke wangu alininunia miaka miwili. Akasema, rafiki zako wa kiume unawasikia, mimi hunisikii. Mpaka tulipokwenda hospitali tukapimwa."

Nilimwomba akirudie kile king'ora. Akashangaa, lakini akakirudia. Kitaa kikang'aa vilevile, naye akasimama pale na tabasamu la heshima, hasikii kitu.

Nilitoka dukani nikiwa nimesahau maikrofoni, akamtuma mtu kuniita. Njia nzima nililifungua daftari kichwani. Muuza maji ni mwanamume mwenye sauti ya pipa. Mwadhini. Msomaji wa habari. Mdogo wangu. Na upande wa pili, simu yenye mlio mwembamba, na mimi, ambaye tangu shule nilitaniwa kwamba naongea kama filimbi, na ambaye nikikasirika sauti hupanda zaidi. Kifaa changu hakikudanganya hata mara moja. Kilipima nguvu ya sauti kama nilivyokiagiza. Sikuwa nimekiuliza kama ni sauti ya aina gani, na sikuwa nimemuuliza mama chochote.

Nilimkuta ameketi kitini pake, anashona ukosi wa gauni. Alikuwa amenipa mgongo. Nilitaka kusimama mlangoni nimjaribu kwa sauti nene, na nikaona aibu: hata sasa nataka kumpima. Nikazunguka, nikaketi sakafuni mbele yake, nikangoja aweke sindano.

"Mama," nikasema polepole, chini kabisa, kwa sauti niliyoitoa tumboni, "nikizungumza, unasikia nini?"

Alinitazama kama anayetafuta mtego mwingine ulipo. Kisha akasema:

"Nasikia mm-mm-mm. Miezi mingi sasa. Naona mdomo unakwenda na maneno hayafiki. Nasema, huyu binti ananung'unika. Ananisema. Nikigeuka, umenyamaza, umekunja uso." Akaichukua tena sindano, hakushona. "Mdogo wako anazungumza kama mtu. Muuza maji anazungumza kama mtu. Wewe peke yako ndiye unayenung'unika. Ningefikiri nini?"

"Ukafikiri nimekuchoka."

"Una haki ya kuchoka. Unafanya kazi huko, unafanya kazi hapa. Nikamuuliza mdogo wako kama anacho chumba kule Kilifi. Nikamwambia asikuambie, usije ukaona kuondoka kwangu ni njia ya kukufukuza ndani ya nyumba."

Kwa hiyo sikuwa nimekosea kuhusu chumba. Walikuwa wakipanga kweli. Nililisikia lile neno sawasawa kwenye ukumbi ule, ila sababu yake nilijitungia mwenyewe.

"Ule uzi mwekundu niliung'oa mimi," mama akasema.

"Najua."

"Nilidhani ndio unaopeleka maneno."

"Ndio uliokuwa unapeleka moto, mama. Bila huo kinakufa."

"Basi sikukosea sana," akasema, na kwa mara ya kwanza baada ya siku tatu akacheka.

Nilimpigia simu mdogo wangu nikamweleza habari ya masikio ya mama. Nilijiandaa kumwomba msamaha kwa maneno mengi, naye akanikatiza kwa kuuliza kliniki ya masikio hufunguliwa siku gani. Tulikwenda hospitali ya Kilifi wote watatu. Walimwingiza mama kwenye chumba kidogo chenye kuta za sponji, wakamvisha vipokea sauti, wakampa kitufe abonyeze kila akisikia mlio. Sisi tulitazama kupitia kioo. Mwanzoni, kwenye milio ya chini, kidole chake kilikwenda upesi. Baadaye kikaanza kusitasita, na mwishowe kikatulia kabisa, huku mpimaji akizidi kupandisha nguvu ya sauti. Mama alikuwa ameketi wima, macho mbele, anasubiri mlio uje. Mdogo wangu aligeuka akatazama ukuta.

Mpimaji alituonyesha mchoro: mstari ulioanza juu upande wa kushoto na kuteremka upande wa kulia kama njia ya kwenda kwenye kijito. Akasema ni umri, ni jambo la kawaida, na kinachopotea kwanza ni zile herufi nyembamba, s na f na sh na t, ndiyo maana mtu anasikia sauti lakini hapati maneno. Mama akanigeukia kunitaka nimtafsirie. Nikamrudishia maneno yote kwa sauti ya tumboni. Akaitika kila sentensi.

Tulingoja miezi kadhaa hadi akapata kifaa cha kuvaa sikioni. Hakukipenda. Siku ya kwanza alizunguka nyumba akilalamika. Mlango wa choo unalia tangu lini, na mbona nimeuacha? Sufuria zinapiga kelele. Hata kanga yake mwenyewe, akitembea, ina sauti. Majirani wa ukili walikuja, wakamfanyia majaribio ya kila namna, wakimsema kwa kunong'ona kutoka barazani, naye akiwajibu matusi mepesi.

Shuleni niliwafundisha watoto ile taa. Wengi waliipata siku moja, bila homa niliyoipata mimi. Niliwafanya waijaribu kwa ngoma na kwa filimbi, na kila kundi liandike kwamba taa inajua sauti ni kubwa kiasi gani tu. Mwalimu mkuu alipita akauliza kwa nini nasisitiza jambo dogo hivyo. Nikamwambia ni somo.

Likizo ilipofika, mama alisema bado anataka kwenda Kilifi. Nilidhani mambo yale yamekwisha. Akasema ameshamwahidi mdogo wangu, na chumba kimepakwa rangi. Nilimfungia nguo, betri za sikio na dawa, nikamsindikiza. Wiki ya kwanza nilimpigia simu kila jioni, naye alikuwa mchangamfu mno. Wiki ya pili mara mbili hakupokea. Nikaanza tena: kwa nini hapokei, nani amemwambia nini, mbona mdogo wangu anajibu kwa mkato. Nililala na mawazo hayo, nikaamka nayo, nikaenda nayo sokoni. Lakini sikuandika popote.

Alirudi Jumanne, bila taarifa, ameshuka kwenye gari la hoteli pamoja na mdogo wangu aliyebeba mizigo. Alinikuta nafua uani.

"Kule kuna upepo mwingi," akasema kabla hata sijamwamkia. "Kifaa hiki kinavuma sikioni mchana kutwa. Siwezi kukaa."

Mdogo wangu alinitazama juu ya kichwa cha mama, akainua mabega. Bofa kuna upepo kweli. Na mpimaji alikuwa ametuambia kwamba upepo husumbua vifaa vile. Sikuuliza kama hiyo ndiyo sababu yote. Nilikausha mikono, nikapokea mfuko wa dawa, nikamwambia kwa sauti nene kwamba kitanda chake kimetandikwa.

"Nimesikia," akasema. "Usinipigie kelele."